Kwa Nini Mkataji Hukimbizwa kwa Mawe

Kaeni, wanangu. Kaeni hapo penye kivuli cha ukuta, mshike ncha za kitani hiki mnisaidie kuchana, maana mikono isiyo na kazi hulia zaidi. Mimi naitwa Nebeti. Miaka arobaini nimo katika nyumba hii ya kitani, ng'ambo ya magharibi ya Mto, nachana vitambaa vya kuwafungia wafu, na baba yenu nitamfunga mimi siku zake sabini za kukaa katika magadi zitakapotimia. Kwa hiyo nina haki ya kuwagombeza kidogo. Na nitawagombeza.

Asubuhi hii mkataji alipomaliza kumpasua baba yenu ubavu, alitoka mlangoni akasimama kungoja mawe, kama desturi ilivyo. Ninyi mlikuwa mmeshayaokota. Halafu wewe, Meresi, uliye mkubwa wenu, ukawashika nduguzo mikono. Ukasema, "Mtu huyu ametumwa kazi akaifanya. Tumpige kwa kosa gani?" Nduguzo wakayaacha mawe yaanguke, na nyote mkaona mmetenda wema. Mkataji akawatazama, akageuka, akaenda zake anatembea. Lo! Tangu nianze kazi hii sijapata kumwona mkataji akitembea. Mkataji hukimbia.

Moyo wako ni mzuri, binti, silikatai hilo. Ila umeingilia jambo usilojua lilikotoka, na sikulaumu sana, kwa kuwa siku hizi hakuna anayekaa chini kuwaeleza vijana kitu. Wanaambiwa tu, okota jiwe, rusha. Basi sikiliza, na ninyi wengine msikilize, na mikono iendelee kuchana.

Kulikuwa na zama ambazo nyumba hii haikuwapo, wala kazi hii haikuwapo. Watu walikufa kama tufavyo sisi, ila hawakufungwa kitani wala hawakupakwa mafuta. Mtu akifa, nduguze walimvusha Mto, wakachimba mchanga kina cha goti, wakamlaza amekunja miguu kama mtoto aliyelala, wakamfukia. Basi. Mchanga ulikuwa mkavu na wa moto, ukamnyonya maji yote ya mwilini, akabaki vilevile alivyokuwa, ngozi na nywele na kucha. Na roho yake, ambayo mnajua ni ndege mwenye uso wa mtu, ilitoka alfajiri ikazunguka duniani, jioni ikarudi, ikamtambua mwenyewe, ikatua kifuani pake. Watu wa wakati ule hawakukiogopa kifo sana. Waliona ni kuhamia ng'ambo tu.

Lakini binadamu haridhiki. Mbweha walikuwa wakifukua baadhi ya makaburi, na wenye nafasi zao wakaanza kusema ni aibu mzazi kulala mchangani kama kitunguu. Wakajenga vyumba vya matofali ya udongo, wakavifunika juu, wakawalaza wafu wao humo juu ya mikeka mizuri na vyungu vya shayiri kando yao. Mbweha kweli walishindwa. Ila mchanga nao haukuingia. Ikapita miaka, chumba cha ukoo mmoja kikafunguliwa ili babu akalazwe karibu na bibi, na waliofungua wakatoka mbio wameziba pua. Bibi hakuwa na uso tena. Ndipo watu walipoelewa kwa nini kila jioni, juu ya vyumba vile, walikuwa wakisikia ndege wakilia mpaka giza liingie. Zilikuwa roho zimerudi nyumbani, zikamkosa mwenye nyumba.

Sasa, katika kijiji kimoja cha wavuvi palikuwa na mtu aitwaye Senebi. Yeye mwenyewe hakuvua, maji aliyaogopa. Kazi yake ilikuwa kupasua samaki. Wenzake walipoleta kambare na sato, aliwapasua kwa jiwe jeusi la gumegume, akatoa matumbo, akawajaza magadi, akawaanika. Samaki wa Senebi walikaa mwaka mzima bila kuharibika. Ila alinuka samaki, masikini, hata aoge mara tatu, na vijana walipokutana naye njiani walijiziba pua kwa utani. Naye alicheka nao. Alikuwa na mkewe, Kawiti, na mwenye mke kama yule hakosi usingizi kwa utani wa vijana.

Kawiti alikuwa na mwanya, na kovu dogo juu ya jicho la kulia alilolipata utotoni kwa kuanguka kwenye ngazi ya ghala. Mwanamke wa maneno! Alikuwa akimwambia mumewe mbele za watu, "Mwenzenu nimeolewa na kambare," na Senebi hujibu, "Kambare huyo huyo ndiye anayekunenepesha." Hawakujaliwa mtoto. Waliokuwa nao ni Iti, mama yake Kawiti, mjane, na Hepu, kaka yake, fundi wa matofali ambaye hakuoa. Hao walikaa nyumba ya pili. Jioni wote wanne walikula bakuli moja, wakabishana, wakalala.

Mwaka mmoja, Mto ulipofurika, Kawiti alishikwa na homa. Siku ya nne akafa. Maji yalikuwa yamefunika mchanga wote wa bondeni, pa kuzikia hapakuwapo ila kule juu kwenye vyumba vya matofali. Hepu akasema atamjengea dada yake chumba kizuri kuliko vyote, na alisema kwa mapenzi. Senebi aliposikia neno chumba, alikataa moyoni. Aliwajua wale ndege, aliwasikia kila jioni. Alimwaza ndege wa Kawiti, mwenye maneno mengi vile, anarudi akimtafuta mwenye mwanya na kovu, anakuta uoza, anaanza kulia, hanyamazi tena. Na siku Senebi mwenyewe atakapofika Konde la Matete, kule wanakolima wafu waliofika salama, amtafute Kawiti asimkute. Hilo ndilo lililomshinda. Kufiwa alikuwa ameshafiwa. Kumpoteza mara ya pili hakukubali.

Hapa sikilizeni vizuri. Katika nchi hii, tangu na tangu, mtu akimjeruhi mwenzake, ndugu wa aliyejeruhiwa humkimbiza kwa mawe mpaka nje ya mpaka, na harudi tena kula nao. Maiti nayo ni mtu. Wakati ule maiti haikuguswa na ncha yoyote, hata kucha haikukatwa. Senebi aliyajua hayo kama kila mtu. Lakini alijua pia jambo ambalo hakuna mwingine kijijini aliyelijua kama yeye, kwamba kuoza huanzia tumboni. Samaki ukimwanika na matumbo yake ataoza tu, hata umfukie kwa magadi. Ukimtumbua, anakaa.

Asubuhi ya pili, Hepu alipokwenda kupanga matofali na Iti alipokwenda kwa majirani kuomba kitani, Senebi alimbeba mkewe mpaka bandani kwake akafunga mlango. Alisema naye kwanza. Alimwambia, "Mke wangu, nitakuumiza. Nisamehe." Kisha akachukua jiwe jeusi. Alimkata ubavu wa kushoto, kwa kuwa Kawiti alizoea kulalia wa kulia, naye hakutaka alalie kidonda. Akatoa utumbo na tumbo, akatoa ini na mapafu, kila kimoja akakiweka katika mtungi wake, maana hakuthubutu kuvitupa kama vya samaki. Mkono ukafika kwenye moyo. Akaushika, akalia kwa sauti, akauachia. "Nikiutoa na huu," alisema, "atanikumbuka kwa kitu gani?" Ndiyo maana hata sisi leo tunatoa vyote, lakini moyo tunauacha palepale.

Senebi alikuwa bado analia akimfukia mkewe kwa magadi Hepu aliporudi kuchukua kamba, akasikia kilio bandani. Akausukuma mlango. Akamwona shemeji yake, mikono imelowa mpaka viwiko, jiwe la kupasulia samaki liko chini, na dada yake amefukiwa kwa magadi mpaka kidevuni. Ingekuwa ninyi mngefanya nini? Hepu alipiga ukelele uliosikika mpaka mtoni. "Amempasua dada yangu kama samaki!" Watu wakatoka majumbani. Senebi alifungua kinywa aeleze, lakini nani angemsikiliza? Jiwe la kwanza lilitoka kwa Hepu, likampata sikioni. Yakafuata mengine. Akakimbia, akawakimbia watu aliokula nao bakuli moja, akapanda jangwani damu ikimchuruzika shingoni, na hakuna hata mmoja aliyesema jamani, basi.

Watu walitaka kumtoa Kawiti kwenye magadi, lakini Iti alisimama mlangoni. Akasema, "Mwacheni. Ameshaumizwa mara moja leo, hamtamburura." Wakaufunga mlango, wakakaa matanga siku sabini, kama ile nyota angavu inayotangaza mafuriko inavyojificha siku sabini kabla ya kuchomoza tena. Kila mtu alijua watakachokikuta wakifungua. Hepu mwenyewe alikuja na kitambaa cha kuziba pua.

Walipofungua, hapakunuka kitu. Wakafukua magadi kwa mikono. Kawiti alikuwamo. Amekonda, amekauka, ngozi imekolea weusi, lakini ni Kawiti. Mwanya ulikuwapo. Iti alipapasa juu ya jicho kwa kidole kimoja mpaka akaligusa kovu, akakaa chini palepale kwenye magadi. Wakamfunga kitani, wakampeleka katika chumba alichojengewa na kaka yake. Jioni ile kijiji kizima kilisimama nje kikisikiliza. Ndege akaja, akazunguka mara mbili, akaingia. Hakulia.

Mnadhani walimrudisha Senebi kwa ngoma na vigelegele? Aa wapi! Watu ndivyo tulivyo. Walikaa kimya wiki tatu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, mpaka baba wa mtu fulani alipofariki. Hapo ndipo walipokumbuka njia ya kwenda jangwani. Walimkuta Senebi katika pango karibu na mpaka, amekonda, sikio limefunga vibaya. Walisimama mbali wakamwita kwa kupaza sauti. Hawakumwomba radhi. Walimwambia tu kwamba kuna maiti. Alilouliza yeye ni moja: "Kawiti je?" Wakamwambia ndege aliingia. Akainuka, akasema anakuja.

Alikuja, akakata, akauacha moyo, akamfukia yule mzee kwa magadi. Alipotoka nje, wana wa marehemu walikuwa mlangoni, haohao waliokwenda kumwita. Walikuwa wameapa hawatamgusa. Lakini walipoona damu ya baba yao mikononi mwa mtu, akili iliwaruka. Mmoja aliinama akaokota jiwe, na wote wakaokota. Senebi akakimbia tena. Na ikawa hivyo kwa kila maiti. Walitaka kazi ya mkono wake, ila mkono wenyewe waliuogopa. Walisema ncha iliyoingia ndani ya mtu haiwezi kurudi kwenye bakuli la watu, na pengine hawakukosea, sijui. Walimjengea kibanda huku ng'ambo, peke yake, chini ya vile vyumba vya wafu. Chakula chake kiliwekwa juu ya jabali moja mpakani, naye hukifuata aliyekileta akishaondoka.

Alikaa hivyo miaka kumi na miwili. Wanangu, upweke mnausikia tu. Ninyi mmefiwa leo mkaja watu saba, mnaegemeana. Yule alikuwa anaamka hana wa kumwambia nimeota nini. Alipika chakula cha mtu mmoja, akakila kikiwa bado cha moto, kwa kuwa hakuna wa kumngoja. Wa kuguswa naye walikuwa wafu peke yao. Akawa na mazoea ya kukaa nje ya chumba cha Kawiti ndege akirudi, akimweleza habari, na alipokuwa hana habari, alimweleza alichokula. Jina lake halikutajwa na mtu, walimwita yule. Ila siku ya mawe. Siku ya mawe watu walimfuata wakipiga kelele, "Senebi! Senebi!" na yeye, akikimbia, alikuwa akilisikia jina lake. Nasema kweli, mtu anaweza kufika mahali akaingoja siku ya namna hiyo.

Mwaka wa tisa au wa kumi, wana wa mama mmoja aliyefariki walimwonea huruma. Kama wewe, Meresi, usinitazame hivyo. Walisimama mlangoni mikono mitupu, wakamwambia, "Nenda kwa amani, mzee, hatuna ugomvi na wewe." Walidhani atafurahi. Senebi hakuondoka. Alisimama palepale, akasema maneno ambayo yamehifadhiwa mpaka leo: "Nimepasua samaki miaka ishirini, na hakuna hata siku moja mtu aliyenikasirikia. Huyu mama yenu si samaki. Nirushieni." Akakaa pale jua likimchoma mpaka mdogo wao alipoanza kulia, akaokota, akarusha. Ndipo akakimbia.

Mwaka wa kumi na mbili Senebi akaugua. Na mganga hajigangi. Alikuwa amewahifadhia watu wa vijiji vitatu wazazi na watoto wao, ndege wao wote walikuwa wanatua, lakini yeye akifa nani atamkata? Hakuwa na mwana, na hakuna aliyetaka kujifunza. Asipokatwa ataoza kama mtu yeyote, na ndege wake atazunguka juu ya chumba akilia, na Kawiti atangoja Konde la Matete mpaka achoke. Miaka yote ile alikuwa amekimbia na kuvumilia kwa ajili ya kitu hicho kimoja, na sasa ndicho kilichokuwa kinamponyoka.

Aliyekuwa akipeleka chakula jabalini siku nyingi zaidi alikuwa Hepu. Hakuwahi kusema naye. Alikuwa anaweka, anaondoka, ila wakati mwingine alikuwa akisimama mbali akitazama. Safari hii alikuta chakula cha jana hakijaguswa. Kisha akavuka jabali, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya kwa miaka kumi na miwili, akaingia kibandani. Senebi alikuwa juu ya mkeka. Alisema, "Shemeji, nani atanikata?" Hepu akamshika mkono, ule mkono wenyewe. "Mimi," akasema. "Nielekeze." Senebi akamwelekeza siku mbili, polepole, wapi pa kuanzia, nini kinatoka, nini kinabaki. Siku ya tatu akafariki.

Hepu akamkata. Watu walikuwa wamesikia, wakaja wakajaa nje ya kibanda, maana kila mmoja alitaka kumjua atakayewakatia wafu wao sasa. Iti naye alikuja, mzee sana, ameshikilia fimbo. Mlango ukafunguliwa, Hepu akatoka, jiwe jeusi mkononi, mikono imelowa. Akasimama kungoja.

Hakuna aliyerusha. Na hawakuacha kwa wema. Hakuna aliyekasirika, basi. Aliyelala mle ndani hakuwa baba wa mtu, wala kaka wa mtu, alikuwa yule. Wengine walianza hata kusema wao kwa wao mambo ya shambani. Jua likapanda. Jirani mmoja akamsogelea Iti akamnong'oneza, "Mama, mchukue mwanao mwende nyumbani. Nani atamdai? Hakukata mtu wa mtu. Akanawe mikono, maisha yaendelee." Na ilikuwa kweli, wanangu. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kama Senebi hakuwa mtu wa mtu, basi Hepu hakuwa na hatia, angerudi kwenye mkeka wa mama yake, wale chakula pamoja jioni. Iti alikuwa amezika mume, amezika binti. Aliyebaki kumwita mama ni huyo mmoja.

Alimtazama Hepu, na Hepu akamtazama. Hepu hakumwomba lolote. Kisha Iti akaitupa fimbo, akainama, magoti yakilia, akapapasa chini, akaokota jiwe. Alikuwa akilia mpaka haoni. "Umemkata mwanangu!" alimpigia kelele. "Senebi ni mwanangu, nawe umemkata!" Akarusha. Mkono wa bibi kizee, jiwe halikufika hata nusu ya njia. Lakini Hepu alikimbia kama aliyepigwa, na watu, kwa kusikia jina lile, wakashtuka kama walioamshwa, wakainama wote. Wakamkimbiza mpaka kwenye mawe makubwa ya juu. Walisema siku ile alikimbia huku akilia na kumshukuru mama yake.

Iti akarudi nyumbani peke yake. Jioni akatoa bakuli, akaliangalia, akalirudisha, akala mkate mkavu. Siku sabini zilipotimia alipandishwa mlimani kwa machela, akaona Senebi amelazwa ubavuni kwa Kawiti, uso wake ni uleule, hata sikio lile bovu. Akangoja nje mpaka jioni. Walikuja ndege wawili, wakaingia.

Na tangu siku hiyo, katika nchi yetu yote, mkataji akishampasua maiti hukimbizwa kwa mawe na matusi na wenye maiti, na yeye hukimbia. Hulipwa vizuri, hutunzwa, hakuna anayemchukia, na bado hukimbizwa. Wageni wanaotoka ng'ambo ya bahari hutuona wendawazimu. Hawajui kwamba jiwe ndilo linalosema aliyelala ndani alikuwa na watu. Wapo wafu wanaoletwa hapa hawana mtu, wasafiri, wazee waliosahauliwa, na mkataji akitoka anakuta uwanja mtupu. Hapo sisi wa nyumba ya kitani tunaacha kuchana, tunatoka na kumrushia.

Kwa hiyo asubuhi hii ninyi mlipoingia ndani mkiwa mmeridhika na wema wenu, mimi nilipitia mlango wa nyuma. Nikamkuta mkataji amefika kwenye kona ya ukuta, bado anatembea, kichwa chini. Nikaokota. Nikampigia kelele, "Umemkata ndugu yangu!" nikarusha kwa nguvu niliyokuwa nayo, na yeye akanitazama, akanishukuru kwa macho, akakimbia. Nililia pale ukutani, Meresi, nikamlilia baba yako, mtu ambaye sijapata kumwona akiwa hai. Nilitaka kumwita kwa jina nikashindwa, nikabaki kuita tu, "Ndugu yangu, ndugu yangu."

Usilie sana, utalowesha kitani. Niambie tu, aliitwa nani?